Msasa Huisha, Gundi Haiishi: Namna ya Kuisafisha Skeitibodi Bila Kuiharibu

Kabla msasa haujawa karatasi ya kununua dukani, ulikuwa mti. Maseremala wa pwani walichuma majani yake, yenye makwaruzo kama ulimi wa paka, wakasugulia mbao mpaka zikawa laini. Karatasi ya kiwandani ilipofika ikarithi jina, na mti ukasahaulika mijini. Jani lile lilizaliwa na makali yake. Karatasi haina kitu mpaka ipakwe gundi.

Juu ya skeitibodi umebandikwa msasa wa aina hiyo, na waendeshaji huuita gripu. Uso wake una punje za silikoni kabidi, ambazo Mmarekani Edward Acheson alizipata tanuruni mwaka 1891 akiwa anatafuta kitu kingine, na ambazo ugumu wake unaikaribia almasi. Mgongo wake una gundi ya kunata. Bila punje hizo mchezo huu usingekuwa kama unavyojulikana leo. Mruko uitwao oli, ulioanzishwa na Alan Gelfand kule Florida mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha Rodney Mullen akaupeleka kwenye ardhi tambarare mwaka 1982, hutegemea kiatu kukwaruza msasa na kuuvuta ubao juu. Kila mruko hula soli kidogo na punje kidogo. Miezi ikipita msasa huota upara, mwenye ubao huamua kuubandua, na hapo ndipo anapogundua kwamba msasa huisha lakini gundi haiishi.

Ubao hubaki na mabaka ya kijivu yanayonata kama ulimbo. Vumbi hugandia hapo, nyuzi za soksi hugandia hapo, na ubao ukiegemezwa ukutani huondoka na chokaa ya ukuta. Wengi hukimbilia kilicho karibu: wembe, petroli, thina ya fundi rangi. Gundi hutoka kweli. Hutoka pamoja na mchoro, na vanishi, na pengine na kipande cha mbao.

Kosa huanzia kwenye swali. Watu huuliza ni dawa gani inayotoa gundi, wakati karibu kila chupa ya duka la rangi inaitoa. Swali la kuanza nalo ni hili: chini ya gundi kuna nini, na baada ya gundi kutoka, hapo patakaa nini? Kwa skeitibodi jibu la upande wa juu si jibu la upande wa chini. Ndiyo maana mwongozo huu unautibu ubao mmoja kwa dawa mbili.

Gundi isiyokauka

Gundi ya seremala hunata ikiwa majimaji, kisha hukauka ikawa ngumu. Gundi ya gripu na ya stika haikauki hivyo. Hukaa kati ya kimiminika na kitu kigumu karibu maisha yake yote. Ikikandamizwa kwa muda hutambaa kama asali nzito na kuingia kwenye vinyweleo vya mbao. Ikivutwa ghafla hukakamaa. Ndiyo maana hubandikwa kwa kuikandamiza tu, bila maji wala moto, na ndiyo maana stika ya jana hubanduka kirahisi kuliko ya mwaka juzi.

Vita dhidi yake ina umri wa karne moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Richard Drew, kijana wa kampuni ya 3M ambayo wakati huo ilijulikana kwa misasa, alikwenda kwenye karakana ya magari mjini St. Paul, Minnesota, kujaribisha msasa mpya. Aliwakuta wapaka rangi wamekasirika. Magari ya rangi mbili ndiyo yalikuwa fasheni, na karatasi walizobandika ili rangi zisichanganyike zilibanduka na rangi mpya ya gari. Mwaka 1925 Drew akatoa tepu ya karatasi inayoondoka bila kubomoa kilicho chini yake, na mwaka 1930 akaongeza ile inayoonyesha. Miaka mitano baadaye R. Stanton Avery kule Los Angeles akaanza kutengeneza lebo za kujibandika, ambazo ndizo mababu wa stika. Skeitibodi imebeba urithi wote huo, msasa, tepu na stika, pamoja na shida ile ile ya wapaka rangi wa St. Paul.

Gundi hii ina tabia tatu za kukariri. Ya kwanza ni joto. Joto la wastani huilegeza, lakini joto kali huigeuza uji, ikakatika katikati: nusu inaondoka na karatasi na nusu inabaki ubaoni. Baridi kali, kinyume chake, huifanya ngumu na rahisi kuvunjika.

Ya pili ni kwamba haijali maji, ila huyeyuka kwa vitu vya jamii ya mafuta. Watoto waliowahi kukamulia ganda la chungwa kwenye puto wameliona jambo hili kwa macho yao. Mafuta ya ganda, yaitwayo limonini, hula mpira na puto linapasuka. Limonini hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye viondoa gundi vingi vyenye harufu ya machungwa.

Ya tatu ni umri. Gundi iliyopigwa na jua miaka mingi hugeuka njano na kuwa ngumu kama ukoko, na ukoko huhitaji kulowekwa kwanza kabla ya kukwanguliwa.

Ujue ubao kabla ya kuugusa

Ubao wa kawaida umetengenezwa kwa tabaka saba za mepo, mti mgumu wa Amerika ya Kaskazini ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Kila tabaka ina unene wa takriban milimita 1.5, na zote kwa pamoja hufika kama milimita 11. Kwa kawaida tano hufuata urefu wa ubao na mbili hukata upana, ili ubao usipasuke kirahisi. Tabaka hizi hushikwa na gundi ya mbao na kukandamizwa kwenye kalibu mpaka zijipinde. Adui wa gundi hiyo ni maji na joto kali. Maji huingilia kwenye kingo na kwenye matundu ya bolti, mbao hufura, tabaka huachana, na ubao hupoteza ule mdundo unaourusha. Mdundo ukishapotea haurudi.

Upande wa chini una mchoro. Zamani rangi zilichapwa moja kwa moja kwenye mbao, moja juu ya nyingine, na mtu akipitisha kidole huhisi kingo zake. Siku hizi michoro mingi ni utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa kwa joto. Asetoni, yaani ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, huzila aina zote mbili. Upande wa juu, chini ya gripu, mbao mara nyingi imetiwa rangi nyekundu, kijani au buluu na kupakwa vanishi hafifu, na rangi hiyo huweza kufuata kitambaa chenye spiriti.

Kisha kuna vitu visivyohusika na gundi lakini huumia katika kuisafisha. Magurudumu ni ya poliyurethani, plastiki iliyochukua nafasi ya udongo mgumu baada ya Frank Nasworthy kuileta kwenye mchezo huu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Thina na asetoni huifanya ivimbe na kulainika. Ndani ya magurudumu manne mna beringi nane za namba 608, kila moja ikiwa na tundu la milimita 8, kipenyo cha milimita 22 na upana wa milimita 7. Tone la kiyeyusho likiingia humo huondoa grisi, na mchanga ukiingia huziua. Vibao vidogo vya plastiki navyo visikaribiwe na asetoni hata kidogo: sabuni, mafuta ya kula na uvumilivu vinavitosha.

Vitu vya kuwa navyo

Hakuna haja ya kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Kinachotakiwa ni drai ya nywele, au jua la mchana kwa asiyekuwa nayo. Kadi ya plastiki iliyokwisha kazi. Matambara meupe ya pamba. Mswaki wa zamani. Tepu pana ya kufungia maboksi. Mafuta ya kula. Sabuni ya vyombo. Na spiriti ya duka la dawa. Chagua spiriti yenye nguvu ya asilimia 70 au zaidi. Iliyo kali zaidi ina maji machache, na hilo ni jema kwa mbao. Baadhi ya spiriti za hospitali huchanganywa na mafuta ya kulainisha ngozi, kwa hiyo ipime kwanza: dondosha tone kwenye kioo, liache likauke, kisha futa kwa kidole. Likiacha utando wa mafuta, chupa hiyo haifai kwa kazi hii.

Anza kwa kuuvua ubao. Traki mbili, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu, zimefungwa kwa bolti nane, nne kila upande. Juu hutumika bisibisi ya nyota au ufunguo wa pembe sita, na chini ni nati za inchi 3/8. Spana ya milimita 10 huingia lakini hulegea kidogo, kwa hiyo izungushwe kwa subira isije ikala pembe za nati. Bolti na nati ziwekwe kwenye kopo moja. Dakika kumi za kufungua huziepusha beringi na kila kitu kitakachomwagika baadaye. Tena sehemu iliyofunikwa na traki upande wa chini ndiyo mahali pazuri pa kujaribia dawa, kwa kuwa hakuna atakayepaona.

Upande wa juu: kubandua gripu

Nusu ya kazi ya kuondoa mabaki ni kutoyaacha tangu mwanzo. Anayeng'oa gripu kwa hasira huondoka na karatasi na kuacha gundi. Anayeipasha moto kidogo na kuivuta taratibu huondoka na vyote viwili.

Shika drai umbali wa sentimita 15 hivi kutoka kwenye pua ya ubao, iendeshe huku na huku kwa dakika moja au mbili bila kuituliza mahali pamoja. Kipimo ni kiganja. Kikiweza kukaa juu ya gripu huku kikihisi joto, moto unatosha. Kikishindwa kuvumilia sekunde tatu, umezidi. Asiye na drai aulaze ubao juani, gripu ikitazama juu, kwa nusu saa. Gripu nyeusi hunywa jua haraka. Kuusahau ubao kutwa nzima ndani ya gari lililofungwa ni jambo jingine kabisa, na gundi ya mbao hailipendi.

Inua pembe moja kwa ncha ya kisu kilicholazwa, si kilichosimamishwa, kisha ishike pembe hiyo kwa koleo au kitambaa kinene. Ukingo wa gripu hukata vidole kama msumeno, na ukiponyoka huacha alama kwenye vifundo. Vuta kwa kuirudisha nyuma, karibu ilale juu ya ubao, badala ya kuivuta kwenda juu. Ikianza kuchanika, acha, pasha tena, endelea. Ukifika kwenye matundu ya bolti nenda polepole, kwa sababu hapo vibanzi vya mbao hupenda kuondoka.

Mashine ya hewa ya moto ya mafundi rangi si drai. Joto lake huweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi, na mbao huungua kabla gundi haijamaliza kulegea. Pasi ya mvuke nayo iachwe kwenye nguo.

Mabaki ya juu: bila mafuta

Gripu ikishatoka, gusa uso wa ubao. Kama kuna unato hafifu ulio sawa kote, na gripu mpya itabandikwa siku hiyo hiyo, usihangaike. Gundi mpya itashika juu ya ya zamani. Kinachosumbua ni vinundu na vipande vya karatasi, kwa sababu kila kimoja kitaonekana kama kipele chini ya gripu mpya na kuwa mahali pa kwanza pa kulika.

Vinundu hivyo huondolewa kwanza kwa gundi yenyewe. Chukua tepu ya maboksi, ibandike juu ya baka, isugue kwa ukucha, kisha ing'oe kwa mkupuo. Mkupuo una maana hapa. Gundi ikivutwa haraka hukakamaa, ikaachia mbao na kufuatana na tepu. Rudia kwa kipande kingine. Baada ya mara tano au sita baka huwa limepungua sana, na hakuna kimiminika kilichogusa ubao. Kilichobaki kisukumwe kwa ncha ya kidole au kwa raba ya kufutia mpaka kijiviringishe kuwa punje nyeusi.

Kwa kinachokataa, spiriti. Lowesha kitambaa, usimwagie ubao. Kiweke juu ya baka kwa dakika moja, kisha futa kuelekea upande mmoja na ugeuze upande safi wa kitambaa kila mara; kitambaa kichafu huhamisha gundi tu kutoka hapa hadi pale. Rangi ya mbao ikianza kuonekana kwenye kitambaa cheupe, punguza spiriti na mwendo. Gundi iliyolainika ikwanguliwe kwa kadi ya plastiki, ukifuata nyuzi za mbao kwa urefu wake.

Mafuta yasitumike upande huu, iwe ya kula, ya nazi, ya taa au ya chungwa. Yote huyeyusha gundi vizuri, na hapo ndipo penye mtego. Mbao iliyo wazi huyanywa, na wiki mbili baadaye gripu mpya huanza kuinuka kwenye kingo bila mwenyewe kujua kwa nini. Aliyekwisha kuyapaka apitishe spiriti mara mbili tatu kwa vitambaa safi na auache ubao ukae siku nzima kwenye kivuli chenye hewa.

Msasa wa kawaida unaruhusiwa kama hatua ya mwisho, namba 120 hivi, kwa mikono miepesi, na pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Usitangulie. Gundi laini huziba msasa katika dakika chache, na joto la kusugua huipaka upya kila mahali.

Upande wa chini: hapa mafuta ni rafiki

Geuza ubao, na amri inageuka pia. Hapa hakuna kitakachobandikwa tena kwa lazima, na chini ya gundi kuna mchoro wenye utando. Mafuta hayautishi utando huo. Spiriti na thina ndizo za kuogopewa. Kwa hiyo anza na kilicho kipole.

Stika ipashwe kwa drai kama gripu, na ivutwe polepole kwa pembe ya chini. Utando wa mchoro ukianza kuinuka pamoja na stika, acha papo hapo. Hapo mchoro umeshapasuka tangu zamani, pengine kwa kuburuzwa kwenye chuma, na stika ndiyo inayoushikilia. Kata stika kuzunguka jeraha na uliache lilivyo.

Paka mafuta ya kula kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwenye kitambaa, kibandike juu ya mabaki, na usubiri dakika 10 hadi 15. Kusubiri huku ndiko kunakofanya kazi, wala si kusugua. Gundi itakuwa imefura na kupoteza nguvu; isukume kwa kadi iliyolazwa. Kwa ukoko wa miaka mingi rudia mara mbili. Soda ya kuokea kidogo ikichanganywa na mafuta hutoa ukwaruzaji mpole unaosaidia kung'oa, lakini isisuguliwe kwa nguvu kwenye mchoro unaong'aa, utafifia.

Mafuta ya taa ni hatua ya pili. Huyeyusha gundi ya stika haraka kuliko mafuta ya kula, na matone machache kwenye kitambaa yanatosha. Kwanza yajaribiwe pale palipokuwa na traki, yaachwe dakika tano, kisha pafutwe. Kitambaa kikibaki cheupe, endelea. WD-40 iko katika jamii hiyo hiyo. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 na kampuni ya Rocket Chemical kwa ajili ya kufukuza unyevu kwenye vyuma, na namba 40 ni hesabu ya majaribio yaliyofanyika. Gundi huiweza, ila isipuliziwe ovyo karibu na magurudumu. Wengi hudhani ni mafuta ya beringi, kumbe huosha grisi iliyokuwepo na yenyewe haikai.

Baada ya mafuta ya aina yoyote, malizia kwa sabuni. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisidondoke, futa, kisha kitambaa kingine chenye maji safi kilichokamuliwa vivyo hivyo, halafu kikavu mara moja. Ubao usilowekwe, usiwekwe chini ya bomba, na wala maji yasielekezwe kwenye matundu ya bolti. Usimamishe kwa ubavu mahali penye hewa mpaka kesho yake.

Bigijii juu ya gripu

Kuna pia unato unaotokea upande wa pili wa msasa, juu ya punje zenyewe: bigijii iliyokanyagwa barabarani, lami, au soda iliyomwagika. Gripu yenyewe ikiwa bado nzima, hakuna sababu ya kuibandua.

Hapa baridi ndiyo hutumika. Weka vipande vya barafu ndani ya mfuko usiovuja, uulaze juu ya bigijii kwa dakika 10 hadi 15, kisha ivunje kwa kijiti cha mti au mpini wa kijiko. Itatoka vipande vipande. Kilichobaki kati ya punje kisuguliwe kwa mswaki mkavu. Maduka ya skeitibodi huuza kipande cha mpira wa asili kwa ajili ya kazi hii, na hakina tofauti kubwa na kile ambacho maseremala wenye mashine hutumia kuzibua mikanda yao ya msasa. Soli ya kiatu cha zamani ya mpira mbichi, ile ya njano yenye mikunjo, hufanya kazi hiyo hiyo. Isugue gripu nayo, mpira utakatika punje punje na kuondoka na uchafu. Soda iliyokauka huhitaji kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Mafuta yasifike hapa, kwa sababu gripu yenye mafuta huteleza, na anayeteleza juu ya skeitibodi huangukia kifundo cha mkono.

Vya kuweka mbali

Petroli haina nafasi katika kazi hii. Mvuke wake hushika moto kutoka mbali, na hakuna gundi inayostahili hatari hiyo. Spiriti na mafuta ya taa nayo huwaka. Kazi ifanyike nje au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, sigara na dawa ya mbu ya kuchoma. Mwali wa spiriti ni hafifu kiasi kwamba mchana huweza usionekane vizuri. Matambara yaliyotumika yatandazwe nje yakauke kabla ya kutupwa, yasikunjwe na kurundikwa pamoja. Kinachobaki kirudi kwenye chupa yake yenye lebo, kamwe kisitiwe kwenye chupa ya soda, kwa kuwa mtoto huinywea chupa ya soda bila kuuliza.

Asetoni na thina zinaweza kutumika mahali pamoja tu: kwenye mbao tupu ya upande wa juu, kwa mtu ambaye amekwisha kushindwa na mengine yote na hajali rangi ya mbao itakuwaje. Wembe ushikwe kwa ajili ya kukata gripu mpya. Ukipitishwa juu ya gundi huzama ndani ya tabaka ya milimita 1.5 kabla mkono haujahisi kitu.

Lini uache kama ilivyo

Stika nyingine zina sababu ya kuwepo. Waendeshaji huzibandika katikati ya ubao ili uteleze vyema kwenye vyuma vya ngazi, na wengine huzitumia kuonyesha maduka na timu walizopitia. Kwenye ubao wa zamani historia hiyo yaweza kuwa mali. Januari 2019 mnada wa Sotheby's mjini New York uliuza mkusanyo wa mbao 248 za kampuni ya Supreme kwa dola 800,000. Hakuna anayesema kila ubao wa uvunguni una thamani hiyo, lakini mchoro uliosuguliwa mpaka ukafifia hauna mnunuzi. Mwenye ubao wa miaka ya 1980 au 1990 apige picha kwanza, aulize wanaojua, ndipo ashike kitambaa.

Kwa upande mwingine kuna mahali ambapo kusafisha si suala la urembo. Kitintale, mjini Kampala, vijana wa mtaa walijenga uwanja wao wa saruji mwaka 2006, na kule Kangemi, Nairobi, watoto wa kituo cha Shangilia walijengewa wao na shirika la Kijerumani la skate-aid. Viwanja vya namna hii vimetegemea sana mbao za msaada, ambazo hufika zikiwa zimetumika, zenye stika za wengine na gripu iliyochoka. Huko ubao mmoja hupita mikono mingi, na tabaka moja ikiachana kwa sababu ya maji ya bomba, kuna mtoto atakayekaa pembeni akiangalia wenzake.

Kuurudishia gripu

Ubao ukishakauka, pitisha kiganja juu yake. Usinate, usiteleze. Ukiteleza kuna mafuta, rudi kwenye spiriti. Gripu ya kawaida huuzwa ikiwa na upana wa inchi 9 na urefu wa inchi 33, hivyo hutosha ubao mwingi na kuacha ziada pembeni. Bandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, anza kwenye pua, kandamiza kutoka katikati kwenda kingoni ili hewa itoke. Kipovu kikibaki, kitoboe kwa pini na ukikandamize. Kisha sugua ukingo wote kwa shina la bisibisi mpaka mstari mweupe utokee, na ukate kwa wembe mpya ukifuata mstari huo, ukielekeza makali mbali na mwili. Toboa matundu ya bolti kutoka chini, rudisha traki, kaza nati kwa zamu kwa kukingamisha pembe ili chuma kikae sawa.

Iache gundi mpya usiku mmoja ishike. Na kabla ya kupanda, chungulia ndani ya kopo. Likiwa na nati hata moja, ubao haujawa tayari.